Injini ya Dizeli na Ubongo Wake: Wajibu wa Chama Chenye Lori

Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi katika semina ya utunzaji wa magari, kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa kununua pamba



Nimeombwa nizungumze juu ya mitambo ya elektroniki inayoongoza injini za dizeli katika malori ya siku hizi. Huenda baadhi yenu mmejiuliza jambo hili linamhusu nini katibu wa chama, ambaye zana zake ni kalamu na leja, wala si spana. Jibu langu ni fupi. Fundi ndiye afunguaye injini, lakini katibu ndiye atiaye saini hati ya malipo. Mtu atiaye saini kwa jambo asilolielewa hutia saini gizani, na fedha anayoitoa gizani si yake, ni ya mkulima.

Naomba nianze kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Mwaka 2014 nilikuwa katibu wa chama kimoja cha msingi. Chama kilikuwa na lori moja la tani saba, lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika. Katikati ya msimu lori hilo lilianza kukosa nguvu. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, lakini likifika mlimani lilizubaa kama ng'ombe aliyechoka jembe. Taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi, kisha ikazimika, kisha ikawaka tena. Safari iliyozoea kutumia lita 40 za dizeli ikawa inatumia lita 50 na zaidi.

Dereva wetu alikuwa ametutumikia miaka tisa. Tulipoona hesabu ya mafuta, hatukuitazama injini, tulimtazama yeye. Mjumbe mmoja akasema kwamba dizeli inauzwa njiani, na wengine tukanyamaza, kwa maana nasi tulikuwa tumekwisha kuwaza vivyo hivyo. Bodi ikamsimamisha kazi. Kisha fundi mmoja wa mjini akatuambia kwamba pampu imekufa. Hakupima kitu, alisikiliza mlio tu, akaandika bei. Tukanunua pampu. Lori likatoka gereji, likafika kwenye mlima ule ule, likazubaa vile vile, akiwa analiendesha dereva mwingine kabisa. Wakati huo pamba ya wanachama ilikuwa imelala katika vituo vya kununulia, na wenyewe wakisubiri fedha zao.

Nitawaeleza mwisho wa kisa hiki baadaye. Kwanza hapana budi tuifahamu injini yenyewe.

DIZELI YA ZAMANI

Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia mafuta kama ilivyo injini ya petroli. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza yenye mafanikio ilipimwa huko Augsburg mwaka 1897, aliutegemea ukweli mmoja: hewa ikibanwa kwa nguvu hupata joto. Yeyote aliyewahi kujaza upepo katika tairi la baiskeli ameshika pampu akaisikia ina moto. Katika silinda ya dizeli, hewa hubanwa mpaka inabaki na nafasi ndogo sana, aghalabu sehemu moja kati ya 16 hadi 20 ya ile iliyokuwa nayo, na joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo mafuta yakirushwa ndani katika hali ya ukungu mwembamba huwaka yenyewe.

Kwa hiyo basi, siri yote ya dizeli imo katika mambo mawili: kiasi cha mafuta yanayorushwa, na wakati wa kuyarusha. Mafuta yakizidi hewa iliyopo, mengine hayaungui sawasawa, yakatoka kwenye eksozi kuwa moshi mweusi. Yakirushwa mapema mno, injini hugonga. Yakichelewa, nguvu hupotea na eksozi hupata moto kupita kiasi.

Tufanye hesabu ndogo ili tuone ukubwa wa kazi hii. Chukueni lori lenye silinda sita, injini yake ikizunguka mara 2,000 kwa dakika na kutumia lita 18 kwa saa. Kila silinda hupokea mafuta mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo injini hiyo hurusha mafuta mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa kila sekunde moja. Gawanyeni lita 18 kwa mirusho 360,000 ya saa nzima, mtaona kwamba kila mrusho ni milimita za ujazo 50, kiasi kinachokaribia tone moja la maji. Na tone hilo lote lapaswa kuingia katika muda usiozidi sana sehemu ya 600 ya sekunde.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na chuma kitupu. Kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927. Ndani ya pampu za aina hiyo mna vijipistoni vinavyosukumwa na shafti, na mna gavana, ambaye ni vyuma vizito vinavyofunguka kadiri injini inavyokwenda mbio, ili kupunguza mafuta isije ikajivunja. Dereva hukanyaga, waya au fimbo huvuta mkono wa pampu, mafuta huongezeka. Fundi mwenye sikio jema na bisibisi aliweza kuirekebisha kando ya njia. Wengi wenu mlilelewa na malori ya namna hiyo, na hayastahili dharau, maana ndiyo yaliyobeba mazao ya nchi hii.

Hata hivyo chuma kina mpaka wake. Gavana hajui kama hewa ya leo ni ya baridi au ya joto, wala hajui kama lori liko bondeni au juu ya nyanda ambako hewa ni nyepesi. Serikali za nchi za viwanda zilipozidi kubana sheria za moshi, na bei ya mafuta ilipopanda, watengenezaji walilazimika kutafuta kitu chenye kuhisi na kuamua. Mwaka 1985 kampuni ya Detroit Diesel ya Marekani ilitoa mtambo wake wa elektroniki kwa injini za malori makubwa. Mwaka 1986 Bosch ilitoa wake kwa magari madogo. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Ujapani iliweka katika malori ya Hino mtambo uitwao komoni reli, na mwaka 1997 mtambo wa namna hiyo uliingia katika magari madogo ya Ulaya. Huo ndio uliomo katika malori mengi tunayoyanunua siku hizi, yawe mapya au yaliyokwisha kutumika.

MASIKIO, UBONGO NA MIKONO

Mtambo huu una sehemu tatu. Ziko zinazopeleka habari, iko inayoamua, na ziko zinazotenda.

Zinazopeleka habari huitwa sensa. Ya kwanza kwa umuhimu ni ile inayotazama mzunguko wa krankshafti. Katika mitambo mingi kuna gurudumu lenye nafasi za meno 60, lakini meno mawili yameachwa makusudi. Kila jino linapopita mbele ya sensa, alama ya umeme hupelekwa. Pengo lile linapopita, kompyuta inajua krankshafti iko mahali gani hasa. Sensa nyingine hutazama kemshafti, ili ijulikane ni silinda ipi iliyo zamu ya kupokea mafuta. Sensa ya krankshafti ikikaa kimya, injini nyingi hazitawaka hata mkizungusha stata mpaka betri iishe.

Iko sensa kwenye kanyagio la mafuta. Katika malori haya hakuna tena waya wa chuma unaovuta pampu; dereva akikanyaga hupeleka ombi tu. Kwa ajili ya usalama sensa hiyo hupeleka alama mbili, na kompyuta huzilinganisha. Zikipingana, haitaziamini, bali itaiacha injini iende kwa nguvu ndogo. Ziko sensa za joto la maji ya rejeta, joto la hewa na joto la mafuta. Nyingi kati ya hizo ni punje ndogo ambayo ukinzani wake kwa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Iko sensa ya shinikizo la hewa inayosukumwa na tabochaja, na iko sensa ya shinikizo la mafuta ndani ya reli. Sensa nyingi hufanya kazi kwa umeme wa volti 5 tu, ingawa betri za lori hutoa volti 24. Ndiyo maana kutu kidogo kwenye plagi, au waya uliochubuka, hutosha kuleta habari ya uongo.

Ubongo ni kompyuta ya injini, kisanduku ambacho mafundi wetu hukiita kontroli boksi. Ndani yake zimehifadhiwa jedwali nyingi zilizotayarishwa na mtengenezaji baada ya kuipima injini kwa muda mrefu. Dereva anapokanyaga, kompyuta husoma: injini inazunguka kwa kasi gani? Dereva anaomba nguvu kiasi gani? Hewa iliyoingia ni kiasi gani? Maji yana joto gani? Kisha hutafuta katika jedwali kiasi cha mafuta na wakati wa kuyarusha, na kupunguza pale inapopasa. Dereva aweza kukanyaga mpaka sakafuni, lakini kompyuta haitatoa mafuta kuizidi hewa iliyopo. Afanyavyo mtunza ghala mwaminifu, hatoi mifuko kwa kuwa mtu amepaza sauti; hutoa kwa kadiri ya hati na ya kilichomo ghalani.

Mikono ni noseli na pampu. Katika mtambo wa komoni reli pampu haipimi mafuta ya kila silinda. Kazi yake ni kujaza bomba moja nene, yaani reli, kwa mafuta yenye shinikizo kubwa, na kutoka reli hiyo kila noseli hupata yake. Kompyuta husoma shinikizo la reli, na likipungua hufungua zaidi kilango cha pampu, likizidi hukibana. Kila noseli hufunguliwa kwa umeme kwa wakati wake. Hata mrusho mmoja waweza kugawanywa: hutangulia mafuta kidogo sana ya kulainisha mwako, kisha huja mrusho mkubwa. Ndiyo sababu malori mapya hayagongi kwa kelele kama ya zamani.

Shinikizo la mafuta hayo ni jambo la kutisha. Mitambo ya komoni reli ya kwanza ya magari madogo ya Ulaya ilifika bar 1,350; ya baadaye imepita bar 2,000. Tairi la lori lina upepo wa bar 8 hivi. Mafuta yaliyomo ndani ya reli yenye bar 1,600 yana shinikizo mara 200 ya lile la tairi ambalo likipasuka huweza kumwua mtu.

INAPOPATA HITILAFU

Kompyuta huzikagua habari zake bila kupumzika. Sensa ikileta jambo lisilowezekana, mathalani waya umekatika na volti imeshuka hadi sifuri, kompyuta hufanya mambo matatu. Huwasha taa ya onyo. Huandika namba ya hitilafu katika kumbukumbu yake. Na mara nyingi hupunguza nguvu ya injini, ili gari lifike nyumbani polepole bila kujiharibu.

Sasa nirudi kwenye kisa cha chama chetu. Baada ya pampu mpya kutosaidia, tulimwita fundi mwingine aliyekuwa na kifaa cha kusomea kumbukumbu za kompyuta. Namba aliyoikuta ilihusu alama ya sensa ya shinikizo la hewa. Fundi huyo hakusema tununue sensa. Aliufuata waya wake kwa mkono, shubiri kwa shubiri, mpaka akafika mahali ulipopita juu ya ukingo wa chuma. Hapo ganda lake lilikuwa limesagika. Lori lilipotikisika kwenye njia mbaya, waya uligusa chuma, na alama ya sensa ikapotea. Kompyuta, ikiwa haijui tena kiasi cha hewa, ilipunguza mafuta kwa usalama. Nguvu ikapungua, dereva akalazimika kupanda kwa gia ndogo, injini ikizunguka sana kwa mwendo mdogo, na mafuta ya safari yakaongezeka. Hakuna lita hata moja iliyouzwa.

Waya uliunganishwa upya, ukavishwa ganda na kufungwa mbali na ukingo. Kazi nzima haikufika saa mbili. Pampu yetu ya kwanza, tuliyoiita maiti, ilikuwa nzima.

Ndugu zangu, fedha ya pampu iliingia katika hesabu za hasara, na wanachama waliilipa kidogo kidogo. Lakini liko deni ambalo halikuandikwa katika leja yoyote. Dereva yule alikuwa amekwisha kuondoka na kutafuta kazi kwingine, na katika kijiji chake mkewe alikuwa ameitwa mke wa mwizi. Tulimwalika kwenye mkutano mkuu, na mbele ya wanachama wote nilisoma taarifa ya fundi, nikaomba radhi kwa niaba ya Bodi na kwa niaba yangu mwenyewe. Alisimama, akashukuru, akasema hatarudi. Sikuwa na neno la kumjibu.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kuielewa mitambo hii si elimu ya mafundi peke yao, bali ni sehemu ya haki katika ushirika.

MAMBO YA KUZINGATIA

Naomba sasa makatibu mwandike, kwa kuwa haya ndiyo mtakayokwenda nayo nyumbani.

1. Kabla ya kununua kipuri chochote kikubwa, dai taarifa ya kipimo. Fundi aeleze kwa maandishi ni namba gani ya hitilafu aliyoikuta, na alipima nini baada ya kuikuta. Namba hiyo si hukumu. Inaonyesha mahali pa kuanzia kutafuta. Haisemi kama kosa ni la sensa, la waya, la plagi au la kitu chenyewe kinachopimwa.

2. Msiruhusu kumbukumbu ya kompyuta ifutwe kabla namba hazijaandikwa. Fundi afutaye kwanza ndipo aulize, amefuta ushahidi.

3. Mtu yeyote asilegeze nati ya bomba la noseli wakati injini inanguruma. Katika malori ya zamani ndivyo mafundi walivyotafuta silinda iliyolala, na wengi wangali na mazoea hayo. Katika komoni reli mafuta yatokayo hapo hupenya ngozi kama sindano. Jeraha laweza kuonekana kama tundu dogo lisilouma sana, lakini dizeli iliyoingia mwilini huozesha nyama, na mtu aweza kupoteza kidole au mkono. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta yaliyopenya kwa shinikizo. Hata baada ya kuzima injini, isubiriwe kwa muda uliotajwa katika kitabu cha gari kabla ya kufungua.

4. Nunueni mafuta mahali panapoaminika na mtunze risiti. Pampu na noseli hulainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupoteza ulaini huo, na chuma husagana na chuma. Hapa Tanzania uchanganyaji wa mafuta ulikuwa tatizo kubwa hata EWURA ikaanzisha utaratibu wa kuyatia mafuta alama maalumu mwaka 2010. Anayenunua dizeli ya madumu kando ya njia kwa kupunguziwa bei kidogo hujitafutia gharama ya noseli sita.

5. Maji ni adui wa pili. Dereva afungue kizibo cha kutolea maji chini ya filta ya dizeli kama kitabu kinavyoagiza, na filta ibadilishwe kwa wakati wake. Pipa la akiba la chama lifunikwe, na mafuta ya chini kabisa yasivutwe.

6. Kabla ya kuchomelea bodi ya lori kwa umeme, betri zitenganishwe, na plagi za kompyuta zichomolewe kama mtengenezaji anavyoagiza. Umeme wa kuchomelea ukipita katika kompyuta waweza kuiua mara moja. Vivyo hivyo, waya za betri zisifunguliwe wakati injini inafanya kazi, na maji ya shinikizo yasielekezwe kwenye kompyuta wala kwenye plagi za waya.

7. Noseli nyingi za komoni reli zina namba maalumu iliyochorwa juu yake, inayoieleza kompyuta tofauti ndogo ya noseli hiyo na nyingine. Noseli ikibadilishwa, namba yake yapasa iandikwe katika kompyuta. Muulizeni fundi kama amefanya hivyo, na namba hizo ziwekwe katika jalada la gari.

8. Kila lori liwe na daftari lake. Taa ya onyo ikiwaka, dereva aandike tarehe, mahali, mzigo, hali ya njia, na kama kulikuwa na moshi. Sisi tungalikuwa na daftari la namna hiyo, tungaliona kwamba taa iliwaka kwenye njia mbaya tu, na kwamba lori halikutoa moshi mweusi hata liliposhindwa mlima. Dalili kwamba mafuta yalikuwa yanapunguzwa, wala hayakuwa yakizidi.

Ndugu Mwenyekiti, wapo wasemao kwamba afadhali turudi kwenye malori ya pampu za chuma. Siwalaumu, kwa kuwa mtu hupenda anachoweza kukifungua kwa mkono wake. Lakini malori hayo yanapungua, vipuri vyake vinaadimika, na mapya mengi huja na ubongo wake. Kifaa kimoja cha kusomea hitilafu, kikinunuliwa kwa fedha ya vyama kadhaa na kukabidhiwa fundi mwaminifu wa Chama Kikuu, kingeweza kuhudumia malori yetu yote. Huo ndio ushirika, na napendekeza jambo hilo lizungumzwe katika mkutano mkuu ujao.

Msimu uko karibu. Pamba ikianza kupimwa haitangoja lori, wala mvua haitaingoja pamba. Basi kila katibu atakaporudi, alifungue daftari la gari lake kabla ya kufungua leja ya ununuzi; na kabla ya kumshuku dereva wake, aanze kwa kuukagua waya.